Wakazi wa Behewa la Saba

Katika nchi yetu hakuna mtu anayechelewa kazini. Sheria imekataza. Inaitwa Sheria ya Kuwahi, ina vifungu arobaini na viwili, na siku ya kuipitisha Bunge lilianza kikao saa tano badala ya saa tatu kwa kuwa waheshimiwa walikuwa hawajamaliza chai. Kwa mujibu wake, geti la kila kiwanda hufungwa saa moja kamili asubuhi, na atakayekutwa nje huhesabiwa kuwa amejifukuza mwenyewe, maana serikali yetu haimfukuzi mtu. Hata methali ya "kawia ufike" iliondolewa vitabuni, na mwalimu mmoja aliyeitamka kwa bahati mbaya mbele ya mkaguzi alihamishiwa shule ambayo bado haijajengwa.

Nayasema haya msije mkanidhania kuwa mmoja wa wale wanaoisema nchi vibaya. Jina langu Shaweji. Nimekuwa karani wa serikali kwa miaka ishirini na sita, na mwandiko wangu umesifiwa na wakuu wa idara watatu, mmoja wao siku chache tu kabla hajafungwa. Haya ninayosimulia mengine niliyaona kwa macho yangu na mengine niliyaandika kwa mkono wangu. Hayo niliyoyaandika ndiyo yanayoninyima usingizi.

Zamani wafanyakazi walikaa mjini, nyuma ya viwanda vyao. Kisha akaja mgeni wa heshima kutoka ng'ambo, akapitishwa barabara kuu, akaona chupi na sidiria zimeanikwa kwenye kamba. Hakusema neno, lakini Waziri wa Mandhari alimwona akitazama. Baada ya miezi mitatu mitaa yote ile ilikuwa vifusi, na watu wakapelekwa mji mpya uliojengwa kilomita sabini kutoka hapo, mahali ambapo mgeni hawezi kufika hata akipotea. Mji ukapewa jina la Raha Kamili. Nyumba zake ni mali ya viwanda: ukipoteza kazi leo, keshokutwa unafungasha virago.

Ili watu wawahi, serikali ikawapa treni. Inaondoka Raha Kamili saa tisa na nusu usiku na kufika viwandani saa kumi na mbili na nusu. Msishangae saa tatu kwa kilomita sabini. Dereva wake aliniambia kuwa treni yenyewe inakimbia vizuri tu, kinachoichelewesha ni adabu. Reli inakatiza barabara za waheshimiwa mara kumi na moja, na penye kila makutano sharti treni isimame dakika kumi na mbili kupisha msafara. Kondakta hupaza sauti, "Pishaaa!" Waliokaa husimama, waliosimama hujinyoosha, wanaume huvua kofia. Saa hizo waheshimiwa wote wako vitandani, lakini msafara ni kitu kinachoweza kutokea wakati wowote, na heshima haingoji gari. Katika miaka tisa msafara ulipita mara moja tu. Lilikuwa lori la mbuzi wa harusi ya mpwa wa Waziri wa Mandhari. Watu walisimama kwa heshima, mbuzi wakawatazama, lori likaenda zake.

*

Miongoni mwa abiria hao alikuwamo mwanamke aitwaye Siwema Ngwali, miaka thelathini na moja, mjane, mshonaji katika kiwanda cha magodoro. Aliamka saa nane usiku, akatembea nusu saa hadi stesheni, akasimama saa tatu ndani ya treni, akashona foronya mpaka jua likazama, kisha akapanda treni ileile na kusimamishwa kwenye makutano yaleyale. Nyumbani alifika saa nne na nusu usiku. Kuanzia hapo mpaka saa nane ndipo alipokuwa mama.

Mtoto wake aliitwa Mwatima, wa miaka saba, na saa hizo Mwatima alikuwa amelala fofofo. Siwema hakumwamsha hata siku moja. Alimfunika vizuri, akampima kwa shibiri kuanzia utosini hadi kisiginoni ajue kama amekua, akajilaza kando yake. Usingizi wake mwenyewe aliumalizia kwenye treni akiwa wima, kwa maana behewa la saba lilijaa kiasi kwamba mtu hakuwa na pa kuangukia. Jumapili ilikuwa siku ya kujitolea kwa taifa, na kujitolea ni lazima. Mara ya mwisho mama na mtoto kuonana wote wawili wakiwa macho ilikuwa mwaka juzi, mafuriko yalipoisomba reli kwa siku mbili.

Mchana Mwatima alilelewa na jirani, Bi. Chiriku, ajuza wa miaka sabini na ushei aliyelea watoto kumi na wanne wa mtaa huo kwa sufuria moja ya uji na fimbo moja ambayo haikuwahi kumgusa mtu.

Basi ikatangazwa sensa. Sensa zilizotangulia ziliharibika kwa sababu watu wana tabia ya kwenda huku na huku, na baadhi ya waheshimiwa walihesabiwa mara nne, mara moja kwa kila nyumba. Safari hii mtaalamu mmoja akashauri nchi nzima ihesabiwe kwa dakika moja, kila mtu pale alipokutwa, na hapo alipokutwa ndipo paandikwe kuwa makazi yake. Dakika iliyochaguliwa ni saa kumi na moja na dakika tano alfajiri, kwa kuwa ndiyo dakika aliyozaliwa Mkuu wa Nchi. Kaulimbiu ikabandikwa kila ukuta: ASIYEKUWEPO NA LAKE HALIPO.

Mimi nilipangiwa behewa la saba. Nilivaa suti yangu ya kijivu nikapanda na kalamu mbili. Saa ilipofika treni ilikuwa imesimama makutano ya sita, inapisha, watu wima kama sheria inavyotaka, nami nikaanzia mlangoni.

"Jina?"

"Siwema Ngwali."

"Makazi, behewa la saba," nikasema huku nikiandika.

"La, baba karani. Mimi nakaa Raha Kamili, mtaa wa nane, nyumba namba kumi na sita."

"Fomu inauliza ulipokutwa, mama."

"Hapa mie napita tu. Niko njiani."

"Sasa hivi uko wapi?"

"Niko hapa."

"Umeona?"

Akacheka kidogo kwa kuchoka, kisha akaniuliza, "Na mtoto wangu je? Ana miaka saba, nimemwacha nyumbani amelala."

"Atahesabiwa hukohuko aliko. Serikali haimwachi mtu nyuma."

"Ahsante, baba karani," akasema. Mwanamke yule alinishukuru. Nilipiga mstari chini ya jina lake kwa rula, nikahamia kwa aliyefuata.

*

Matokeo yalipotangazwa nchi ilipigwa na butwaa. Treni ya wafanyakazi iligundulika kuwa mji wa nne kwa ukubwa. Ilikuwa na watu wengi kuliko makao makuu ya mikoa mitano, na wote watu wazima wenye nguvu. Mara moja ikatangazwa kuwa Wilaya ya Reli, ikapewa Mkuu wa Wilaya, Luteni mstaafu Mbonde, ambaye alikuja kuapishwa kwa gari.

"Ndugu wananchi," akasema juu ya ngazi za behewa la kwanza, "nimetembea dunia. Nimeona miji mikubwa yenye maghorofa na taa. Lakini yote imekaa tu! Mji wenu unakwenda! Ni mji gani mwingine duniani ambao mwananchi wake analala Raha Kamili na kuamka viwandani bila kutoka nyumbani kwake? Kuanzia leo asije mtu akaniambia kazini ni mbali. Nyinyi mnakaa njia yote!"

Watu wakapiga makofi kwa sababu geti lilikuwa linakaribia kufungwa na walitaka amalize. Ofisi ya wilaya ikawekwa behewa la kwanza, zahanati la tatu, baraza la ardhi la tano, na waliokuwa humo wakahamia mabehewa yaliyobaki. Kila behewa likawa kata. Mimi, kwa utumishi wangu uliotukuka, nikateuliwa Mtendaji wa Kata ya Behewa la Saba, nikapewa meza ndogo na muhuri. Kazi yangu ya kila siku ilikuwa kuita majina saa kumi na moja na dakika tano, kuhakikisha wakazi wapo nyumbani.

Lakini takwimu ni kama shuka fupi, ukivutia kichwani miguu inabaki nje. Kule Raha Kamili makarani wenzangu walikuta watoto elfu kumi na moja na vikongwe mia tisa, bila mtu mzima hata mmoja. Wizara ya Ustawi ikalia machozi redioni. Watoto elfu kumi na moja wametelekezwa! Wazazi gani hawa? Malori yakatumwa siku ya Ijumaa, mchana, wazazi wakiwa kazini, yawaokoe watoto.

Siwema alifika nyumbani saa nne na nusu usiku kama kawaida, akapapasa kitanda kabla hajawasha kibatari. Juu ya mto palikuwa na karatasi: *Mtoto amechukuliwa na Serikali kwa ajili ya matunzo. Tunashukuru kwa ushirikiano wako.*

Akatoka mbio hadi kwa Bi. Chiriku. Ajuza alikuwa amekaa kizingitini na ile fimbo yake mapajani.

"Niliwachapa, mwanangu," akasema. "Wallahi niliwachapa wale maafisa mpaka mkono ukafa ganzi. Wakaniambia bibi, wewe si mtu mzima, wewe ni mzee. Wakawapakia wote."

"Mwatima alisema nini?"

"Alisema ana mama. Wakamuuliza yuko wapi. Akasema mama huja usiku, mie nikilala. Yule bwana akaandika kwenye daftari lake, akasoma kwa sauti: 'Mtoto anaota ndoto.'"

Siwema aliketi chini akalia mpaka saa nane, kisha akanyanyuka akaenda stesheni. Msimlaumu. Asingekwenda angepoteza kazi, angepoteza kazi angepoteza nyumba, na asiye na nyumba harudishiwi mtoto. Alisimama mbele yangu asubuhi ile nilipoita jina lake, akajibu, "Nipo."

*

Ofisi ya Ustawi ipo mkabala na kiwanda cha magodoro, jambo ambalo ni bahati. Hufunguliwa saa tatu na kufungwa saa nane, na Siwema alikuwa na nusu saa ya kula mchana. Akafanya wanavyofanya watu wote wa kwetu: akaacha ndala yake moja kwenye foleni imshikie nafasi, akarudi kushona na mguu mmoja peku. Kila mchana aliikuta ndala imesogezwa hatua chache na waungwana waliokuwa nyuma yake. Siku ya tisa ndala ikafika dirishani.

Ndani alikaa Afisa Ustawi Mkuu, Bwana Mwinyikondo, mtu mnene mwenye sauti ya upole.

"Mama, keti. Samahani, kiti hakuna. Nataka ujue kwamba serikali inamlilia mtoto wako kuliko unavyomlilia wewe. Wewe unamlilia mmoja, sisi tunalilia elfu kumi na moja."

"Nashukuru, mheshimiwa. Naomba nirudishiwe."

"Unakaa wapi?"

"Raha Kamili, mtaa wa..."

Bwana Mwinyikondo akafunua daftari. "Hapa naona behewa la saba. Mwandiko mzuri sana huu. Sasa mama, mtoto amekutwa Raha Kamili, wewe unakaa kwenye treni. Nikikupa mtoto, si nitakuwa nimempa mtu baki? Kalete barua ya Mtendaji wako."

Akaja kwangu. Treni ilikuwa inapisha makutano ya nne. Alisimama mbele ya meza yangu, ndala zote mbili miguuni, akaniomba niandike kwamba yeye anakaa Raha Kamili.

"Mama Mwatima," nikamwambia, "mimi mwenyewe ndiye niliyeandika kwamba unakaa hapa. Nikiandika vingine nitakuwa nimeidanganya serikali mara moja kati ya hizo mbili, na watataka kujua ni ipi."

"Kwani hujui ni ipi?"

Nilijua. Nikajifanya natafuta muhuri. Nikamweleza kwamba ipo fomu ya kuhama makazi, lakini mwombaji sharti akutwe huko anakohamia, saa kumi na moja na dakika tano alfajiri, siku thelathini mfululizo.

"Siku thelathini sijaja kazini," akasema taratibu, "nyumba watakuwa wamempa mwingine siku ya tatu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nitakutwa wapi siku ya nne?"

Abiria waliotuzunguka, wengine walikuwa wamelala wima, wengine wanajifanya wamelala. Kisha Siwema akauliza swali ambalo katika miaka ishirini na sita hakuna mwananchi aliyewahi kuniuliza.

"Fomu ya mtoto kuhamia hapa ipo?"

Ilikuwapo. Ilikuwa ya kijani, haijawahi kutumika. Niliijaza palepale, nikagonga muhuri mara tatu, nikaona nimefanya jambo jema. Na wizarani waliona hivyohivyo. Waziri alisema hilo ndilo suluhisho la Kiafrika la tatizo la Kiafrika, akaagiza familia ishirini za mwanzo ziunganishwe kwa majaribio. Fundi akaja akapiga rangi nyeupe mraba mmoja sakafuni karibu na mlango wa behewa la saba, futi mbili kwa mbili, akaandika ndani yake: MAKAZI YA MTOTO MWATIMA.

*

Mtoto alikabidhiwa siku ya arobaini tangu achukuliwe. Palikuwa na bendi, Mkuu wa Wilaya, na mpiga picha wa gazeti la serikali. Mama sita wa kata yangu walipangwa mstari, na Mheshimiwa Mbonde akamshika Mwatima begani.

"Haya binti, nenda kwa mama yako."

Mwatima aliwatazama wale wanawake. Akaenda kwa wa kwanza, akasema, "Shikamoo." Akaenda kwa wa pili, "Shikamoo." Siwema alikuwa wa nne. Tulikuwa tumewaonya wasiseme kitu, ili picha isiharibike. Mtoto alifika mbele yake, akamwangalia usoni kwa adabu, akasema, "Shikamoo, mama," vilevile alivyowaambia wale watatu, akapita.

Alipofika mwisho wa mstari alisimama akashika kidole mdomoni. Kisha akafumba macho. Akarudi akiwa amefumba, akigusa mkono mmoja baada ya mwingine, na Siwema alipoguswa alishindwa kujizuia, akamwekea kiganja utosini akakitanua.

"Huyu," Mwatima akasema.

Hata konda wetu, mtu mkavu yule, aligeukia dirishani. Mpiga picha akaomba warudie, mtoto akiwa amefumbua macho.

Tangu hapo Mwatima akaishi kama tulivyoishi sisi. Siwema alimbeba mgongoni saa nane usiku hadi stesheni. Mchana treni ilipoegeshwa karakana mtoto alibaki na mimi, nikimfundisha herufi nyuma ya fomu za zamani. Jioni mama alirudi, wakasimama pamoja kwenye ule mraba mweupe, na hapo maneno yakaanza. Sijawahi kusikia mtoto mwenye maswali mengi vile. Alikuwa ameyaweka akiba miaka yote ile. Baba alikuwa mrefu? Foronya inashonwa upande gani kwanza? Mbona Bi. Chiriku anaongea na kuku? Mama, ulipokuwa mdogo ulikuwa unaogopa nini? Siwema alijibu yote, kwenda saa tatu na kurudi saa tatu. Mara nyingine walicheka mpaka waliosinzia wakaguna. Sijapata kumwona mtu mwenye furaha kama ile mahali pa dhiki kama pale.

Mimi ni mtu wa hesabu. Nilijua kwamba saa zile sita ndizo zilizokuwa usingizi wake.

"Mama Mwatima," nilimwambia wiki ya tano, "sinzia kidogo. Mimi nitamshika mtoto."

Macho yalikuwa yamemwingia ndani. "Nitasinziaje, Mtendaji?" akasema. "Anaongea."

*

Ilikuwa wiki ya kumi na moja, Alhamisi. Mzee mmoja wa kiwanda cha sabuni alimpisha Siwema kiti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakubali kukaa. Mwatima akasimama mbele yake akimsimulia jambo la paka wa karakana. Katikati ya hadithi sauti ya mtoto ikapungua, kisha ikanyamaza.

Tulisimama makutano ya sita. "Pishaaa!" Behewa zima likainuka isipokuwa Siwema. Konda akapenya hadi pale.

"Mama, simama. Msafara."

Mwatima akaweka kidole mdomoni. "Shh. Usimwamshe. Amelala."

"Sheria ni sheria, binti."

"Yeye hakuniamsha mimi hata siku moja," mtoto akasema kwa kunong'ona.

Konda akamwandikia Siwema kosa la kutopisha. Mimi nikafika na daftari la majina, nikamwita mara mbili. Nikainama, nikamgusa mkono. Ulikuwa umeshapoa. Mwatima alikuwa ameushikilia mwingine kwa mikono yake miwili, amesimama wima kabisa ili asimtikise.

Daktari wa behewa la tatu aliandika kuwa moyo ulisimama. Mahali alipofia nilipaswa kupajaza mimi. Fomu ina nafasi mbili tu, hospitali au nyumbani, na kisheria Siwema hakuwa njiani, hakuna mkazi wa Wilaya ya Reli aliye njiani. Niliandika *nyumbani*. Nasikia katika taarifa ya mwaka wilaya yetu imepongezwa, maana ndiyo inayoongoza kwa wananchi kufa kwao, mikononi mwa familia zao. Mwandiko ule uliponitoka nilitamani mkono wangu ukatike.

Makaburi ya Raha Kamili ni ya wakazi wa Raha Kamili. Wilaya ya Reli haina ardhi isipokuwa ukanda mwembamba kandokando ya reli, basi ikaamuliwa marehemu azikwe makutano ya sita, alfajiri, ndani ya zile dakika kumi na mbili, kwa kuwa treni itakuwa imesimama vyovyote vile. Vibarua wa reli walichimba usiku. Mheshimiwa Mbonde hakuweza kufika, akatuma hotuba ya kurasa nne niisome kwa niaba yake.

Tulishuka na jeneza mbiombio. Sala ilikuwa fupi, mwili ukateremshwa, nikafungua ile hotuba.

"Ndugu wafiwa," nikasoma, "marehemu atakumbukwa kwa jambo moja kubwa. Katika utumishi wake wote hakuchelewa kazini hata siku moja. Enyi vijana, igeni mfano huu. Marehemu ametuonyesha kwamba umbali si kikwazo kwa mwenye nia..."

Nikainua macho kugeuza ukurasa. Mwatima alikuwa amesimama ukingoni na konzi ya udongo, anasubiri nimalize, kwa sababu alilelewa kwa adabu. Udongo ulikuwa ukimchuruzika vidoleni kidogo kidogo, na zilikuwa zimebaki dakika tatu. Nikazikunja zile karatasi nikazitia mfukoni.

"Mwage, mwanangu," nikamwambia.

Akamwaga. Wengine wakamwaga baada yake, kila mtu konzi moja, wakikimbia, kwani filimbi ilikuwa imeshalia na geti halisubiri aliyetoka mazikoni. Vibarua wakafukia. Konda akaning'inia mlangoni.

"Mtendaji, panda! Mlete mtoto, tunaondoka!"

Nikamshika mkono. Hakuvuta, hakulia. "Wewe nenda," akaniambia. "Mimi nabaki na mama."

"Mtendaji! Majina nani ataita?"

Daftari lilikuwa kwapani mwangu, kalamu zote mbili mfukoni. Kwa miaka ishirini na sita niliitika kila nilipoitwa, na miguu yangu ilikwisha kugeukia treni bila kuniuliza. Nikamtazama yule mtoto. Treni ikajivuta, madirisha yakapita na zile nyuso zilizosimama, yakaisha. Pakabaki reli, udongo mbichi, na sisi wawili.

Nikaketi chini na suti yangu ya kijivu. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaanza kwa sauti ya kiofisi niliyoizoea, sauti ya kusomea hotuba, "Mwatima, mimi ndiye..."

Akaniwekea kiganja mdomoni.

"Ongea polepole," akanong'ona. "Ndiyo kwanza amepata usingizi."